CHUO, KITIVO, NDAKI: Historia ya Istilahi za Kuchagulia Chuo, kwa Mfano wa Morogoro

Utangulizi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, swali moja huulizwa katika nyumba nyingi za mjini Morogoro na za milimani Uluguru: "Umechagua chuo gani?" Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, pamoja na ufupi wake, limebeba maswali manne ndani yake, na kwamba kwa muda mrefu lugha yetu imeyajibu yote manne kwa neno moja tu, yaani chuo. Tutaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, istilahi zilizobuniwa kuirekebisha, na mahali ambapo istilahi hizo zenyewe zimeanza kugongana.

Tuchukue mfano ambao twaamini hautakuwa mgeni kwa wasomaji wetu. Kijana wa Nyandira, huko Mgeta, arudi nyumbani na kumwamkia mjomba wake. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwawe. Kijana asema, "Mjomba, nimepata chuo." Mjomba auliza, "Chuo gani, mpwa wangu?" Kijana ajibu, "Mzumbe." Mzee afurahi. Mzumbe aijua, ipo chini ya milima hiyo hiyo, kando ya barabara iendayo Iringa. Apiga hesabu ya nauli, aona kwamba kijana ataweza kurudi nyumbani wakati wa mavuno, na aamua kutouza mbuzi. Siku ya tatu barua yasomwa vizuri, ndipo lionekanapo neno lililokuwa limerukwa: Ndaki ya Mbeya. Hiyo ni safari ya kilomita zaidi ya 600.

Hapa hakuna aliyesema uongo. Chuo ni Mzumbe kweli, na shahada itakuwa ya Mzumbe. Lakini mjomba aliuliza mahali, na kijana akajibu jina la mtoa shahada. Makosa kama haya hayatokani na ujinga wa wakulima. Yanatokana na sisi tushughulikao na istilahi, tulioyaacha maneno yetu yabebe mizigo isiyofanana bila kuweka alama juu ya kila mzigo.

Chuo: kitabu, darasa na nyumba

Neno chuo ni la zamani katika Kiswahili, na maana yake ya awali si nyumba wala darasa, bali ni kitabu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, yaani Kitabu cha Herekali. Kamusi za zamani, kama ile ya Krapf ya mwaka 1882 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, zaitaja maana hiyo waziwazi. Kutoka kitabu, neno likaenda mahali ambapo kitabu husomwa. Mtoto wa pwani aendaye chuoni alikuwa, na hadi leo katika sehemu nyingi za pwani na visiwani bado ni, mtoto aendaye kujifunza Kurani. Mtu aliyebobea katika elimu ya dini akaitwa mwanachuoni.

Ilipokuja elimu ya serikali, shule za watoto wa Bara zikachukua neno shule kutoka Kijerumani, na neno chuo likabaki bila kazi katika mfumo huo mpya. Ndipo likapewa kazi ya kutaja kila mahali pa kujifunzia palipo juu ya shule au kando yake. Mjini Morogoro pekee twaweza kuhesabu Chuo cha Ualimu kilichoko Kigurunyembe na Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, na juu yake tukaongeza vyuo vikuu. Kile kilichoanza Mzumbe mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, na ambacho mwaka 1972 kiligeuzwa kuwa taasisi ya mafunzo ya uongozi wa maendeleo, kwa wananchi kilikuwa chuo katika hali zote mbili. Kilipopandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2001, kivumishi kiliongezwa, lakini nomino ilikuwa ile ile.

Mfano ulio wazi zaidi upo Mazimbu, upande wa pili wa mji. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa African National Congress ya Afrika Kusini shamba la mkonge lililokuwa limeachwa. Mwaka 1978 mafunzo yalianza, na mahali hapo pakapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Kwa Kiingereza pakaitwa "college", na kwa Kiswahili twaambiwa Chuo cha Uhuru. Lakini waliosoma pale wengi walikuwa watoto wa shule ya msingi na ya sekondari. Palikuwa hata na malezi ya watoto wadogo. Twaona basi kwamba hata wenye neno "college" hulitumia kwa mambo mengi, na sisi tulipolifasiri kuwa chuo tuliupokea pamoja na utata wake.

Yafaa pia tukumbuke kwamba njia za lugha hizi mbili hazikuanza mahali pamoja. Maneno ya Kilatini yaliyozaa "college" na "university" yalitaja kwanza watu: jamii ya wenzi waliojifunga kwa kanuni moja, na umoja wa walimu na wanafunzi. Kiarabu nacho kina jamia, lenye maana ya kukusanya, na kulliya, ambalo hutumika kwa kitivo na kwa chuo kilicho ndani ya chuo kikuu. Kiswahili kilianza na kitabu. Kwa hiyo chuo kikuu, ukilitazama neno kwa asili yake, latuambia kwamba hapa pana elimu kubwa. Halituambii nani yumo ndani ya nani.

Chuo kikuu kimoja, nchi tatu

Haja ya kutaja "nani yumo ndani ya nani" ililetwa Afrika Mashariki na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo hicho kilizinduliwa mwezi Juni 1963, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Kilikuwa na vyuo vitatu ndani yake: Makerere mjini Kampala, ambacho kilikuwa kimekwisha ishi tangu 1922 na tangu 1949 kilitayarisha wanafunzi kwa shahada za London, Nairobi, na Dar es Salaam, kilichoanza mwezi Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria katika jengo la TANU, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964.

Hapa hatuna budi kulinganisha. Katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge huko Uingereza, ambavyo kila kimoja kina vyuo zaidi ya 30 ndani yake, mwombaji wa shahada ya kwanza huweza kutaja chuo akipendacho. Anapofanya hivyo hachagui fani, maana fani zilizo nyingi hupatikana katika vyuo vingi. Anachagua nyumba: mahali pa kulala na kula, maktaba ndogo, walimu watakaokaa naye wawili watatu kujadili insha yake, na wenzi atakaojulikana nao maisha yake yote. Chuo humpokea, lakini chuo kikuu ndicho humtahini na kumpa shahada.

Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Nchi zetu tatu hazikuwa na fedha wala walimu wa kuanzisha kila fani mara tatu. Masomo ya sanaa na sayansi yalifundishwa katika kila chuo, lakini fani za utaalamu ziligawanywa. Mtoto wa Matombo aliyetaka kuwa daktari aliitazama Makerere. Aliyetaka kuwa mhandisi au mganga wa mifugo aliitazama Nairobi. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Na aliyetaka shahada ya kilimo, ingawa alizaliwa katika milima ambayo watu wake wote ni wakulima, ilimpasa avuke ziwa aende Makerere.

Kwa hiyo katika Afrika Mashariki kuchagua chuo kulikuwa ni kuchagua kazi na kuchagua nchi kwa mara moja. Jambo hili ni la msingi katika hoja yetu. Desturi ya kutaja fani kwa jina la mahali ilianza hapo, na haijatutoka. Mtu akisema leo "mwanangu yuko Muhimbili" amekwisha sema kwamba anasomea uganga. Akisema "yuko SUA" wengi hudhani mara moja kwamba ni kilimo, hata kama kijana anasomea ualimu.

Je, lugha ilisaidiaje wakati huo? Kiingereza kiliita kila kimoja cha vyuo vitatu "University College", na muungano wao "University". Kiswahili cha watu hakikuitenga daraja hiyo ya kati. Mlimani palikuwa Chuo Kikuu tangu siku za awali, na muungano nao ulikuwa Chuo Kikuu. Chombo kizima na kipande chake vilikuwa na jina moja. Mwezi Julai 1970 muungano ulipovunjwa, na nchi tatu zikapata vyuo vikuu vyake vitatu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kwa sheria jina ambalo kwa Kiswahili cha mitaani kilikuwa nalo zamani. Mabadiliko makubwa ya kisheria yalipita bila neno hata moja la Kiswahili kubadilika.

Kuchagua na kuchaguliwa

Kabla ya kuendelea na majina, inafaa tutazame kitenzi. Vijana wa leo husema "nimechagua chuo". Wazazi wao aghalabu walisema "nimechaguliwa", na tofauti ya kauli hizo mbili ni historia kamili. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ilikuwa mlipaji na ndiyo pia mwajiri, na nafasi za masomo zilifuata mpango wa taifa wa kupata wataalamu. Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974 liliongeza sharti kwamba mwombaji apitie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kazi, kisha apate pendekezo, ndipo aingie chuo kikuu. Katika mpango kama huo, utata wa neno chuo haukumdhuru sana mwananchi. Hata kama hakujua tofauti ya kitivo na chuo, kulikuwa na ofisi iliyojua kwa niaba yake.

Hali hiyo ilibadilika polepole. Katika miaka ya 1990 vyuo vikuu vya watu binafsi na vya dini viliruhusiwa. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tume ya Vyuo Vikuu ikafuata kwa sheria ya mwaka 2005. Mwaka 2010 ulianza utaratibu wa maombi ya pamoja, ambapo mwombaji aliorodhesha kozi za vyuo mbalimbali katika mfumo mmoja wa kompyuta. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka ombi lake moja kwa moja kwa kila chuo akitakacho, na alipia kila ombi. Uamuzi umetoka ofisini na kuwekwa mikononi mwa kijana na jamaa zake. Maneno ambayo zamani yalimtosha karani kwa kuwa karani aliujua mfumo, sasa hayana budi kumtosha mjomba wa Nyandira.

Morogoro: kutoka chuo hadi kitivo, kutoka kitivo hadi chuo kikuu

Mji wa Morogoro una historia ya pekee katika jambo hili, maana taasisi moja imepitia karibu daraja zote tunazozijadili. Mwaka 1965 kilianzishwa chini ya Uluguru Chuo cha Kilimo, kilichotoa stashahada. Baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuundwa mwaka 1970, chuo hicho kiligeuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo cha chuo kikuu hicho kipya, kikaanza kutoa mafunzo ya shahada. Mwaka 1974 misitu iliongezwa, na mwaka 1976 uganga wa mifugo, na kila mara jina la kitivo lilirefushwa. Tarehe 1 Julai 1984, kwa Sheria Namba 6 ya mwaka huo, kitivo kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo, nacho kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya gari mkoani humo humo tarehe 12 Aprili 1984.

Tuutazame mfululizo huu kwa jicho la istilahi. Mwaka 1965 mahali pale paliitwa chuo. Mwaka 1970 pakapanda daraja, kwa kuwa sasa shahada ilipatikana, lakini jina likashuka likawa kitivo, yaani sehemu ya chuo kingine kilichoko kilomita zipatazo 190 kutoka pale. Mwaka 1984 pakawa chuo kikuu. Mwananchi wa Kinole aliyekuwa akipita hapo kila juma na ndizi zake sokoni aliona majengo yale yale, akasikia majina matatu, na akaendelea kusema chuo. Kwa upande wake hakukosea. Kilichobadilika hakikuonekana kwa macho. Kilikuwa ni jibu la swali, nani atoa shahada?

Neno kitivo lenyewe lastahili kusemwa kidogo. Kamusi zetu zalipa maana ya ardhi yenye rutuba, mahali ambapo mazao hustawi, na katika wilaya ya Lushoto liko bonde la mpunga liitwalo kwa jina hilo hilo. Kwa kulichukua neno hili na kulifanya istilahi ya sehemu ya chuo kikuu inayokuza fani fulani, lugha ilifanya kazi nzuri: ilichukua neno lililo hai, fupi, lenye picha, na ambalo halikuwa na mizigo mingine mingi. Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kilikuwa kitivo kwa maana zote mbili.

Na palikuwa na sababu kwa nini picha hiyo ilifaa Uluguru kuliko kwingine. Watu wa milima hii walikuwa wameuona utaalamu wa kilimo ukija kwa amri. Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru, uliotekelezwa na serikali ya kikoloni tangu 1950, uliwalazimisha kukata ngazi katika miteremko ambayo udongo wake wa juu ni mwembamba, ukaishia katika ghasia za mwaka 1955 huko Matombo. Wataalamu walisema lugha yao, wakulima hawakuelezwa, na uhusiano ukaharibika. Mwishoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipopeleka mbuzi wa maziwa Mgeta, walipokewa kwa namna nyingine, na mbuzi hao wamekuwa sehemu ya uchumi wa huko. Kwa hiyo jamaa nyingi za Mgeta zilikijua chuo hicho kwa mbuzi kabla ya kukijua kwa shahada. Yafaa basi nasi, watu wa istilahi, tujihadhari tusiwe kama wale wa mwaka 1950.

Kishiriki

Daraja ya kati, ile ambayo Kiswahili cha miaka ya 1960 hakikuipa jina, ilirudi katika miaka ya 1990. Mwaka 1991 Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Muhimbili. Mwaka 1996 kikafuata cha Ardhi. Vyote viwili vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Vyuo vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa, Iringa, vilianzishwa mwaka 2005 katika daraja hiyo. Chuo Kikuu cha Sokoine nacho kilipata chake: Chuo cha Ushirika cha Moshi kilikuwa kishiriki chake tangu mwaka 2004, hadi kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kwa muda wa miaka kumi hivi, mwanafunzi aliyesoma ushirika chini ya Kilimanjaro alipewa shahada ya chuo kikuu kilichoko chini ya Uluguru.

Istilahi iliyotumika ni chuo kikuu kishiriki. Ni istilahi iliyoundwa kwa kanuni nzuri: kitenzi shiriki kimepewa kiambishi ki- na kufanywa kivumishi, na wingi wake, vyuo vikuu vishiriki, hauna taabu. Hata hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, kushiriki ni tendo la wenzi walio sawa. Mshiriki wa karamu si mtoto wa mwenye karamu. Neno halionyeshi kwamba chuo hicho kipo chini ya kingine na kwamba shahada hutolewa na hicho kingine. Ya pili, neno kikuu limetangulizwa mbele ya kishiriki, na msikilizaji wa kawaida hukomea hapo. Akisikia "chuo kikuu" hangoji kusikia sifa ya pili.

Pamoja na kasoro hizo, hatupendekezi istilahi hii iachwe. Imezoeleka, imo katika hati za kisheria, na kuibadilisha sasa kungezidisha vurugu. Tunachopendekeza ni kwamba isitajwe peke yake. Chuo kishiriki kitajwe daima pamoja na chuo kikuu mama, kama vile mtu wa heshima atajwavyo pamoja na jina la baba yake.

Ndaki na kampasi

Tumefika kwenye neno lililomsumbua mjomba wa Nyandira. Katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vyetu vimeunganisha vitivo vyao katika vitengo vikubwa zaidi, na kwa vitengo hivyo limetumika neno ndaki. Chuo Kikuu cha Sokoine kina Ndaki ya Kilimo. Kina Ndaki ya Misitu, Wanyamapori na Utalii. Kina Ndaki ya Sayansi za Jamii na Insia, na nyinginezo. Hapa ndaki ni jumla ya idara zinazofundisha fani zilizo karibu. Imechukua kazi ya kitivo na kuipanua.

Lakini Mzumbe, kilomita chache tu kutoka hapo, neno hilo hilo limetumika kwa jambo tofauti. Ndaki ya Mbeya na Ndaki ya Dar es Salaam za Chuo Kikuu Mzumbe si mafungu ya fani. Ni matawi yaliyoko katika miji mingine, na kila moja lina fani zaidi ya moja. Katika matumizi haya ndaki ni mahali. Basi ndani ya mkoa mmoja neno moja lajibu maswali mawili: kwa Sokoine lajibu "utasoma nini?"; kwa Mzumbe lajibu "utasomea wapi?" Hatusemi kwamba chuo fulani kimekosea. Kiingereza chenyewe kimekuwa kikitumia "college" kwa yote mawili, na mfasiri aliyefuata neno kwa neno hakuwa na njia nyingine. Ndiyo maana tunasema istilahi isifuate neno la kigeni, bali ifuate dhana.

Kwa dhana ya mahali tunalo neno kampasi, lililokopwa na kutoholewa, na ndugu zetu wa Kenya hupenda kutumia bewa. Mazimbu leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, baada ya wapigania uhuru kuirudisha ardhi na majengo kwa Tanzania mwaka 1992. Jina la shujaa huyo limewahi kubebwa na kampasi na ndaki kwa pamoja, hata mtu alipolitaja hukujua anazungumzia majengo au masomo. Lakini angalau kampasi, kama neno, halina utata: ni ardhi, ni majengo, ni mahali pa kushukia basi.

Vyeo

Utata wa vyombo umezaa utata wa wakuu wake. Katika chuo cha ualimu, Mkuu wa Chuo ni yule mwalimu mkubwa aonekanaye kila siku, asainiye barua na kusikiliza mashauri. Katika chuo kikuu, Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima ya taifa ambaye huonekana siku ya mahafali akitunuku shahada, na mtendaji wa kila siku huitwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mzazi aliyezoea vyuo vidogo akiambiwa kwamba barua ya mwanawe imejibiwa na Makamu, huenda akadhani shauri lake halijafika kwa mwenyewe.

Juhudi za kuondoa utata huo zimekuwa za kusifiwa. Mkuu wa ndaki au wa chuo kishiriki ameitwa Rasi, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa, ambalo wavuvi wetu walijua tangu zamani kwa maana ya ncha ya nchi iingiayo baharini. Mkuu wa shule kuu ameitwa Amidi. Maneno haya mawili yana faida kwamba hayaanzi na mkuu, na kwa hiyo hayagongani na cheo kingine. Yakitumiwa pamoja na neno la chombo chake, yaani Rasi wa Ndaki fulani, Amidi wa Shule Kuu fulani, yamsaidia msomaji kujua amesimama wapi.

Mapendekezo

Kutokana na historia tuliyoieleza, twaona kwamba anayechagua chuo huuliza mambo manne, na kila jambo lastahili neno lake.

Kwanza, nani atanipa shahada? Jibu liwe chuo kikuu, na neno hili lisitumiwe kwa chombo kisichotoa shahada isipokuwa likifuatwa mara moja na kishiriki pamoja na jina la chuo kikuu mama.

Pili, nitasoma fani gani, chini ya walimu gani? Jibu liwe ndaki, shule kuu au kitivo, kwa kadiri chuo kilivyojipanga. Neno ndaki libaki katika kazi hii peke yake. Kitivo, kwa uzuri wake, kisiachwe kufa. Vyuo vilivyo vidogo bado vyaweza kukitumia.

Tatu, nitasomea wapi? Jibu liwe kampasi, na jina la mji litajwe baada yake. Tawi lililoko mji mwingine liitwe kampasi hata kama katika Kiingereza lina jina refu zaidi.

Nne, nitalala wapi na nitaishi na nani? Swali hili ndilo moyo wa kuchagua chuo huko Oxford, na kwetu huulizwa mwisho. Jibu lake ni bweni au dahalia, maneno tuliyo nayo tangu zamani. Lisiachwe nje ya barua ya kupokelewa, kwa kuwa kwa jamaa nyingi gharama ya malazi ndiyo huamua kama kijana ataendelea au atarudi.

Tunaomba pia kwamba matangazo ya nafasi za masomo yatolewe kwa Kiswahili kwa mpangilio huo wa mambo manne, kila moja katika mstari wake. Baraza letu liliundwa kwa sheria mwaka 1967 ili kukuza lugha ya taifa na kusimamia matumizi yake. Kusanifu istilahi za elimu ni sehemu ya kazi hiyo, nayo haimaliziki neno likichapwa katika orodha. Humalizika neno likifika kwa mtu anayelihitaji.

Hitimisho

Tumeona jinsi neno lililomaanisha kitabu lilivyopewa kazi ya kutaja darasa, kisha taasisi, kisha muungano wa taasisi katika nchi tatu. Tumeona kwamba katika Afrika Mashariki kuchagua chuo kulikuwa tangu mwanzo kuchagua fani, na kwamba mazoea hayo yametufanya tuchanganye mahali na masomo. Na tumeona kwamba kitivo, kishiriki, ndaki na kampasi ni maneno yanayoweza kutufaa, kila moja likipewa kazi moja na kuachwa katika kazi hiyo.

Tumrudie kijana wa Nyandira. Endapo barua yake ingeandikwa kwa mpangilio tuliopendekeza, angemwambia mjomba wake: "Mjomba, shahada itakuwa ya Mzumbe, nitasoma sheria, nitasomea Kampasi ya Mbeya, bweni sijapata bado." Mjomba asingefurahi sana kwa neno la tatu, na kwa neno la nne angekuna kichwa. Lakini angejua siku hiyo hiyo kwamba mbuzi hapana budi wauzwe, na angeyatengeneza mambo mapema, kabla kijana hajapanda basi.